Marikurubu: Kwao karafuu, lakini bei hupangwa kwingine

UKISHUKA melini katika bandari ya Ternate, mashariki ya mbali ya Indonesia, kinachokupokea kwanza ni mlima. Gamalama, wenye urefu wa mita 1,715, ndio kisiwa chenyewe. Mji, misikiti, soko na barabara inayokizunguka kisiwa vimebanwa kwenye ukingo mwembamba wa ardhi kati ya mlima huo na bahari. Mlima wenyewe ni volkano hai. Kwenye mgongo wake, juu ya paa za mabati za mji, ndiko iliko Marikurubu.

Kiutawala Marikurubu ni sehemu ya mji wa Ternate, lakini ukiendelea kupanda mji unakwisha ghafla. Barabara inakuwa nyembamba, pikipiki zinaanza kunguruma kwa gia ndogo, na pande zote mbili panabaki mikarafuu, mikungumanga na minazi. Vitongoji vya juu, kama Air Tege-Tege, ni vijiji vya wakulima kama vilivyo vijiji vingi vya milimani: nyumba chache, vijia vya miguu, na mbele ya mlango nafasi ya kuanikia mazao.

Ni wachache nje ya Indonesia wanaolijua jina la mahali hapa. Hata ndani ya nchi hiyo, noti ya rupia 1,000 iliyotolewa mwaka 2000 ilionyesha mandhari ya upande huu, visiwa vya Maitara na Tidore vinavyoonekana ng'ambo kutoka Ternate, na mamilioni ya watu waliishika noti hiyo sokoni bila kujua picha ni ya wapi.

Lakini mkulima wa Pemba au Unguja anayetandika majamvi yake asubuhi ana undugu na mlima huu. Kwa karne nyingi, karafuu yote iliyofika katika masoko ya dunia ilitoka katika visiwa vidogo vya Maluku Kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Huko ndiko mkarafuu ulikoanzia. Miti yote iliyoko Zanzibar, Madagaska, India na Sri Lanka asili yake ni visiwa hivyo.

Mtu angetarajia kwamba wenye asili ya zao ndio wenye sauti kubwa katika bei yake. Marikurubu haikuwa hivyo wakati wa masultani, haikuwa hivyo wakati wa Waholanzi, na haijawa hivyo leo.

Mchumo

Anayelijua zao hili hahitaji kuelezwa mengi juu ya kazi yake. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka mitano hadi saba na huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Vitumba vya maua vinatakiwa kuchumwa vikiwa vimejaa, rangi ikianza kugeuka kutoka kijani kuwa ya waridi, kabla havijafunguka. Kitumba kilichofunguka kimeshapoteza thamani, na mvua ikinyesha mfululizo majuma hayo, mkulima anaona fedha zake zikichanua juu ya mti.

Mti mmoja hauivi siku moja. Mchumaji anaweza kuupanda mara kadhaa katika msimu mmoja, akichagua vichala vilivyo tayari na kuviacha visivyo tayari. Marikurubu hupanda kwa ngazi za mianzi na kamba, huku mteremko ukizidi kuifanya kazi iwe ya hatari. Ngazi inayosimama vizuri kwenye shamba la tambarare haisimami hivyo kwenye ubavu wa volkano. Tawi la mkarafuu nalo ni jepesi kukatika, jambo ambalo kila familia ya wachumaji, huko na hata Pemba, inalijua kwa majonzi yake.

Jioni ni kazi ya kuchambua. Familia nzima hukaa chini, vitumba vinatengwa na makonyo, na asubuhi yake vinaanikwa kwenye majamvi na maturubai. Kila nafasi iliyo wazi inatumika: uwanja wa nyumba, paa la saruji, hata ukingo wa barabara, ambako madereva huzoea kupita upande mmoja. Kwa jua zuri siku tatu hadi tano zinatosha. Jua likikosekana, karafuu iliyolundikwa huanza kuvunda, hupauka na kusinyaa, na dalali haoni aibu kuishusha daraja.

Kilo tatu mbichi, kwa wastani, hutoa kilo moja kavu. Hapo ndipo hesabu ya mkulima inapoanzia, kwa sababu mchumaji analipwa kwa kazi ya mbichi na mnunuzi analipa kwa kavu. Makonyo hayatupwi, huuzwa kwa bei ndogo kwa ajili ya kukamuliwa mafuta.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Mara moja katika miaka michache huja kile Waindonesia wanachokiita panen raya, mchumo mkubwa, ambapo kisiwa kizima kinanukia na wachumaji hawapatikani. Miaka inayofuata inaweza kuwa ya vikapu vichache tu. Mwenye mipango ya kujenga nyumba au kusomesha mtoto chuo kikuu anapanga kwa mzunguko wa mti, na mzunguko huo hautabiriki.

Mti uliozungushiwa ukuta

Juu ya Marikurubu palikuwa na mkarafuu mmoja ulioitwa Afo, uliokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 400. Uliwahi kutajwa kuwa mkarafuu mkongwe kuliko yote duniani. Watu walipoanza kuukata kuni, ulizungushiwa ukuta wa matofali kuulinda. Kufikia mwaka 2012 ulikuwa umebaki gogo nene na matawi makavu. Miti mingine mikongwe ya mlima huo imerithi jina hilo la Afo, na wageni hupandishwa kwenda kuitazama, chanzo kidogo cha kipato kwa vijana wanaowaongoza.

Umri wa mti huo una maana ya pekee, kwa sababu kuna wakati mikarafuu yote ya Ternate ilitakiwa kufa.

Mwaka 1652 kampuni ya Kiholanzi ya VOC, ambayo ilitaka karafuu yote ya dunia ipitie mikononi mwake, ilifunga mkataba na Sultani Mandarsyah wa Ternate. Mikarafuu katika himaya yake ingekatwa, na kilimo kihamishiwe Ambon na visiwa vya jirani ambako kampuni ingeweza kukihesabu mti kwa mti. Sultani na wakuu wake walilipwa fidia ya kila mwaka. Mkulima aliyepanda mti, na aliyekuwa akiutegemea, hakuwa na nafasi katika mkataba huo. Misafara ya mitumbwi ya vita ilipelekwa visiwani kukagua na kukata.

Wenyeji wa Marikurubu husimulia kwamba Afo ulinusurika kwa sababu ulikuwa juu sana, mahali ambapo wakataji hawakufika. Iwe ndivyo ilivyokuwa au vinginevyo, VOC haikufanikiwa kuimaliza mikarafuu yote ya Maluku Kaskazini. Mwaka 1770 miche ya karafuu ilifikishwa Mauritius, ikiwa imetoroshwa kutoka visiwa vya upande huo katika safari zilizopangwa na Mfaransa Pierre Poivre. Kutoka Mauritius ilipelekwa Réunion. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, ambako Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abri, anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda. Sultani Seyyid Said alipoona faida yake akawaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu, na mashamba yakalimwa kwa nguvu za watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba iliyosalimika ikashika nafasi ya kwanza. Ternate, kwao karafuu, ikabaki nyuma kabisa.

Mnunuzi aliyegeuka mshindani

Kilichoibadilisha biashara hii tena kilitokea Java, karibu kilomita 2,000 kutoka Marikurubu. Katika mji wa Kudus, miaka ya mwisho ya karne ya 19, mtu anayekumbukwa kwa jina la Haji Jamhari inasemekana alichanganya karafuu na tumbaku akiwa anatafuta nafuu ya maumivu ya kifua. Sigara hiyo ikaitwa kretek, kwa mlio wa karafuu inapoungua. Miaka michache baadaye mfanyabiashara Nitisemito aliifanya kuwa biashara kubwa. Leo viwanda vyake vikubwa viko Kudus, Kediri na Surabaya, na zaidi ya asilimia 90 ya karafuu inayozalishwa Indonesia huishia ndani ya sigara hizo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wafanyabiashara wa Zanzibar wa rika la wazee wanalikumbuka vizuri. Viwanda vya kretek vilikua haraka kuliko mashamba. Nchi iliyouzaa mkarafuu ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu, na kwa miongo kadhaa meli zilibeba karafuu ya Unguja na Pemba, na ya Madagaska, kuipeleka Java. Uagizaji wenyewe, chini ya utawala wa Rais Suharto, ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizopewa leseni, na faida yake haikuwa siri.

Kisha Serikali ya Indonesia ikaamua kujitosheleza. Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kupanda, bei ilikuwa ya kuvutia, na mikarafuu ikasambaa Sulawesi, Java, Sumatra, Bali na visiwa vya Maluku. Miti iliyopandwa kwa wingi mwanzoni mwa muongo ilianza kuzaa kwa wingi mwishoni mwake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Indonesia haikuwa tena na haja ya kununua nje.

Zanzibar iliamka ikiwa imempoteza mteja wake mkuu. Karafuu iliyokuwa ikiuzwa kwa maelfu ya dola kwa tani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilishuka chini ya dola 1,000 kwa tani kufikia katikati ya miaka ya 1990. Wakulima wengi wa Pemba waliacha mashamba yakavamiwa na magugu, na wengine wakageukia magendo kuelekea Mombasa ambako bei ilikuwa ya afadhali kuliko ya Shirika la Biashara la Taifa.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo halisemwi sana. Miongoni mwa aina za karafuu ambazo wakulima wa Indonesia walizipanda kwa wingi, na ambayo inasifiwa kwa kuzaa vizuri, ni ile iitwayo Zanzibar. Uzao wa miche iliyotoroshwa kutoka visiwa vya kwao ulirudi nyumbani ukiwa na jina la ugenini, na ukasaidia kuliua soko la mahali ulikotoka.

Miaka ya ukiritimba

Mkulima wa Marikurubu hakufaidi ushindi huo kwa muda mrefu. Mashamba mapya yalizaa kuliko viwanda vilivyoweza kununua, na bei ya ndani ikaanza kuteremka. Tangu mwaka 1980 karafuu ilitakiwa kuuzwa kupitia vyama vya ushirika vya vijijini, vilivyojulikana kwa kifupi KUD. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kumlinda mkulima dhidi ya dalali. Vyama vingi, hata hivyo, havikuwa na fedha za kununulia wala maghala, na dalali aliendelea kuwepo, ila sasa akipitia mlango wa nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja BPPC, chombo kilichopewa haki ya pekee ya kununua karafuu yote na kuviuzia viwanda vya kretek. Kiliongozwa na Hutomo Mandala Putra, mtoto wa Rais Suharto, anayejulikana zaidi kwa jina la Tommy. Kilikopeshwa fedha za Benki Kuu kwa riba nafuu. Hoja yake ilikuwa ya kuvutia kwa wakulima: mnunuzi mmoja mwenye nguvu angewalazimisha wenye viwanda walipe bei nzuri.

Wenye viwanda walikuwa na akiba ghalani na hawakuwa na haraka. BPPC ikajikuta na karafuu nyingi isiyouzika. Mwaka 1992 mkuu wake alifikia kupendekeza kwamba wakulima wakate sehemu kubwa ya mikarafuu yao ili kupunguza mazao. Kwa wazee wa Maluku, wanaosimuliana habari za mitumbwi ya VOC, pendekezo hilo halikuwa geni.

Bei rasmi ilitangazwa, lakini karibu nusu yake haikumfikia mkulima mkononi. Ilikatwa kwa majina ya michango ya lazima na mtaji wa ushirika, fedha ambazo aliambiwa angerudishiwa baadaye. Katika Sulawesi Kaskazini, eneo lenye mikarafuu mingi, wakulima waliendelea kuzidai kwa miaka baada ya chombo chenyewe kufa. Wengi kote nchini waliona gharama za mchumaji zinazidi thamani ya karafuu, wakaacha vitumba vichanue na kudondoka. Wengine waliikata miti kweli, wakapanda mazao mengine.

BPPC ilivunjwa mwaka 1998, wakati uchumi wa Indonesia ulipoporomoka na Shirika la Fedha la Kimataifa likaweka kuvunjwa kwake kuwa moja ya masharti ya mkopo. Suharto alijiuzulu Mei mwaka huo huo. Miti ilikuwa imepungua, iliyobaki haikuwa imepaliliwa, na viwanda vilihitaji karafuu. Katika miaka michache iliyofuata bei ilipanda mara nyingi zaidi ya ile aliyokuwa akipata mkulima wakati wa ukiritimba. Waliovumilia bila kukata ndio waliovuna.

Hesabu ya sasa

Tangu hapo soko ni huria. Anayetaka kuuza anashusha gunia lake mjini kwa pikipiki, anapita kwa wanunuzi wawili watatu, anauliza bei, anauza au anarudi nalo. Hakuna anayemkataza. Wanunuzi wa Ternate hukusanya na kupakia meli kwenda Surabaya na Makassar, na kutoka huko mzigo unafika viwandani.

Uhuru huo haujaifanya bei itulie. Mwaka 2011, baada ya hali ya hewa kuharibu mavuno sehemu nyingi, kilo moja iligusa rupia 200,000, na viwanda vikaagiza karafuu nje tena. Mwaka wa mchumo mkubwa bei huanguka hata kwa nusu. Ni jambo ambalo mkulima na mfanyabiashara wa Afrika Mashariki wanapaswa kulifuatilia kwa karibu, kwa sababu Indonesia inazalisha zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, wakati Zanzibar hupimwa kwa maelfu machache ya tani. Mvua ikinyesha vibaya Sulawesi, bei inapanda Singapore, na ikipanda Singapore inasikika Wete na Mkoani. Ikizaa vizuri huko, inasikika pia.

Wakulima wa Marikurubu wamejifunza kutoiuza karafuu kama nyanya. Karafuu iliyokauka vizuri inakaa. Familia nyingi huuza sehemu tu wakati wa mchumo, kulipa wachumaji na madeni ya dukani, na nyingine huwekwa ndani ya magunia nyumbani. Inatolewa kidogo kidogo: Idi inapokaribia, shule zinapofunguliwa Julai, mgonjwa anapotakiwa kupelekwa hospitali, au bei inapopanda. Ni benki isiyo na makato. Ina hatari zake, kwani unyevu wa kisiwa ni mwingi na gunia lililofungwa likiwa na karafuu isiyokauka sawasawa huota ukungu, lakini mwenye uzoefu huijua karafuu kavu kwa kuivunja tu: inakatika kwa mlio.

Kinga ya pili ni kuchanganya mazao. Shamba la mlimani halionekani kama shamba la mistari. Mikungumanga imesimama chini ya kivuli cha mikenari, miti mirefu ambayo njugu zake hutengenezewa biskuti na vitafunwa vinavyouzwa kwa wasafiri mjini. Kungumanga ina faida moja kubwa: haisubiri msimu mmoja wa mwaka. Mkulima anaokota na kuchuma kwa vipindi, na basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa, huuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa kilo kuliko kungumanga yenyewe. Tatizo lake ni ukaushaji. Kungumanga iliyoanikwa chini kwenye udongo hushika ukungu, na Umoja wa Ulaya umekuwa ukikagua kwa ukali kungumanga ya Indonesia kwa sababu ya sumukuvu. Anayeanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa ana nafasi nzuri zaidi sokoni, lakini vichanja ni gharama, na mnunuzi wa mjini halipi tofauti kila mara.

Nguvukazi imekuwa swali gumu kuliko ilivyokuwa kwa wazazi wao. Ng'ambo ya Ternate, katika kisiwa kikubwa cha Halmahera, ujenzi wa eneo la viwanda vya nikeli ulianza Weda mwaka 2018, na mwaka 2022 uchumi wa jimbo la Maluku Kaskazini ulikua kwa zaidi ya asilimia 20, ukuaji ambao majimbo mengine ya nchi hiyo hayakuusogelea. Kijana anayeweza kupata mshahara wa kila mwezi kiwandani hapandi ngazi ya mianzi kwa malipo ya msimu bila kufikiri mara mbili. Mwaka wa mchumo mkubwa, wenye mashamba hugombea wachumaji, na vichala vya juu kabisa hubaki mtini.

Mlima na moshi

Gamalama nao una yake. Ulilipuka Desemba 2011, na kabla mwezi haujaisha mvua ikayasomba majivu na mawe kuteremka kwenye mikondo ya maji hadi makazi ya watu, na kuua. Umelipuka tena mara kadhaa baadaye, ukiwemo mlipuko wa Oktoba 2018, na kila mara uwanja wa ndege wa Sultan Babullah huangaliwa kwanza, kwa sababu majivu yakizidi ndege hazitui. Agosti 2024 mafuriko ya ghafla kutoka mlimani yaliua zaidi ya watu 10 katika kijiji cha Rua, upande mwingine wa kisiwa. Udongo uleule wa volkano unaowapa mikarafuu rutuba ndio unaoteremka usiku.

Hata hivyo, wasiwasi wa muda mrefu zaidi hautoki mlimani. Unatoka kwa mvutaji wa sigara. Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha, zikiwemo za karafuu. Indonesia ilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani na mwaka 2012 ikashinda, kwa kuwa sigara za mentholi zinazotengenezwa Marekani yenyewe ziliachwa. Ushindi huo haukuirudisha kretek katika maduka ya huko. Ndani ya nchi, Serikali ilipandisha ushuru wa sigara kwa wastani wa asilimia 23 mwanzoni mwa mwaka 2020, na madaktari wanataka upande zaidi. Wana sababu: Indonesia ni moja ya nchi zenye idadi kubwa kabisa ya wanaume wavutaji duniani.

Mkulima wa Marikurubu anaweza kukubaliana na daktari na bado asijue atauza wapi. Mafuta ya karafuu, dawa za meno, vyakula na manukato hununua, lakini vyote kwa pamoja havijafikia hata sehemu ndogo ya kinachounguzwa kwenye kretek. Zanzibar, isiyo na kiwanda cha sigara cha kuitegemea, huuza India, Singapore na nchi za Ghuba kwa ajili ya jikoni na dawa, na tangu mwaka 2011 Serikali ya huko iliweka sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wenye kulinganisha mifumo hiyo miwili watapata cha kubishania: mmoja una mnunuzi mmoja na bei inayojulikana kabla ya mchumo, mwingine una wanunuzi wengi na bei ambayo mtu huipata akifika mjini.

Kwa sasa, huko juu, mti mpya unaendelea kupandwa. Katika vijiji vya Maluku inasimuliwa desturi ya kupanda mkarafuu mtoto anapozaliwa, ili vikue pamoja. Mche uliowekwa ardhini mwaka huu utaanza kuzaa mtoto akiwa anaingia darasa la kwanza. Siku hizi katikati ya mikarafuu michanga hupandwa mikungumanga, na gunia la mwaka jana bado liko ndani, pembeni ya kitanda, likisubiri Julai.